Mchanga mweusi wa Kitui: Si kila kinachonasa sumaku ni utajiri

Jumamosi moja mwezi wa Agosti, binamu yangu alinipigia simu kutoka Kitui akihema kama mtu aliyetoka kukimbiza ng'ombe.

"Kaka, tumeomoka," akasema. "Kuna madini kwa mto wa susu."

Susu ni nyanya yetu. Shamba lake linateremka hadi ukingoni mwa kijito kinachomwaga maji yake mtoni Tiva. Nasema maji, lakini mwezi wa Agosti hapo ni mchanga mtupu. Ukitaka maji unachimba kisima kidogo kwa mikono, unangoja, unateka na kibuyu.

Kumbe kuna jamaa alikuwa amefika na Probox. Alivaa buti safi na mfukoni alikuwa na sumaku iliyofungwa kwa uzi. Aliiburuta juu ya mchanga mara mbili, akaiinua. Ilikuwa imeota ndevu nyeusi. Watoto wakapiga kelele. Jamaa akatikisa kichwa kama daktari, akatamka neno moja tu: koltani.

Neno hilo si geni. Januari 2024, Waziri wa Madini wa wakati huo, Salim Mvurya, alitangaza kwamba koltani imepatikana katika sehemu kadhaa za nchi. Ndiyo madini yanayotoa tantali, ile metali ya kutengenezea vipuri vidogo ndani ya simu. Tangu siku hiyo, kila mtu mwenye kilima, korongo au jiwe jeusi nyuma ya choo anajiona bilionea anayesubiri karatasi.

Na huyu jamaa karatasi alikuwa nazo. Alitaka mambo mawili. Kwanza, Sh15,000 za "usajili wa madini." Pili, alama ya kidole cha susu kwenye mkataba wa kukodisha ekari mbili za kando ya mto kwa miaka 10. Angerudi Jumatano.

Binamu yangu alikuwa ameshapata mteja wa mbuzi watatu ili pesa zitimie.

Hapo nikakumbuka daftari langu la chuo.

Daftari la mwaka wa pili

Niwe mkweli kwako. Mimi sikumaliza chuo. Nilikuwa nasomea fizikia, karo ikakwama mwaka wa pili, nikaanza kuandika mtandaoni ili nilipe nyumba, na hadi leo mama akiulizwa na jirani anasema "bado anasoma." Ukurasa wa mwisho niliowahi kuandika darasani ulihusu vitu viitwavyo feraiti. Mhadhiri alichora viduara viwili ubaoni, akaandika nikeli, chuma na kromiamu, akasema wiki ijayo tungeona jinsi kromiamu inavyoiua sumaku pole pole. Wiki ijayo mimi sikuwa darasani.

Sikuwahi kufikiri kwamba ukurasa huo ungekuja kuokoa mbuzi watatu.

Feraiti ni nini? Ni udongo wa kuchomwa, kama chungu au kikombe, ila ndani yake kuna kutu ya chuma iliyochanganywa na metali nyingine. Haing'ai kama chuma. Ni nyeusi au kijivu, ngumu, na ikianguka sakafuni huvunjika kama sahani. Lakini inashika sumaku.

Unazo hapo ulipo. Tazama waya wa laptopu yako, kuna kinundu fulani karibu na ncha. Wengi hudhani ni urembo. Ndani yake kuna pete ya feraiti, mara nyingi ya nikeli na zinki, inayozima makelele ya umeme yasivuruge vifaa vingine. Vunja chaja iliyokufa, utaona kijibox kilichozungushiwa nyaya: kiini chake ni feraiti. Ile redio ya zamani ya babu ilikuwa na kijiti cheusi ndani kilichoviringishiwa waya mwembamba. Feraiti tena, hiyo ndiyo iliyokuwa ikidaka mawimbi. Na lile duara zito nyuma ya spika ni ndugu yao mwenye misuli zaidi, aliyetengenezwa kwa chuma na stronti au bari.

Kazi hii ilianzia Tokyo mwaka 1930, pale Yogoro Kato na Takeshi Takei walipotengeneza feraiti za kwanza za matumizi ya umeme. Kampuni ya TDK iliundwa mwaka 1935 ili kuziuza. Kama una umri wa kukumbuka kanda za kaseti, jina hilo unalijua.

Lakini asili nayo ilikuwa imetangulia. Ipo feraiti ambayo hakuna aliyeitengeneza. Inaitwa magnetaiti. Ni chuma na oksijeni tu, nyeusi tititi, na imejaa kwenye mito ya Ukambani.

Wazee walijua

Jumapili asubuhi nilipanda matatu ya Kitui. Begani nilibeba begi lenye sumaku mbili za spika nilizonunua kwa fundi mtaani, mfuko wa plastiki, na lile daftari.

Susu alinipokea, akaniuliza kama nimekula, kisha akaniuliza kama nimeoa. Majibu yote mawili hayakumfurahisha. Nilipomweleza kilichonileta, alicheka.

"Huo mchanga mweusi? Huo ni wa chuma. Watu wa zamani walikuwa wakiuchota mtoni."

Susu hakusoma, lakini hakukosea. Kabla ya reli na kabla ya Wazungu, wahunzi wa Kikamba walikuwa wakikusanya mchanga wa chuma kutoka mitoni, wakaupika kwa makaa na mivukuto hadi chuma kikatoka. Walifua visu, mishale na majembe, na mikufu yao myembamba ilisifika mbali. Mmishonari Johann Ludwig Krapf alipofika Kitui mwaka 1849 kumtembelea mfanyabiashara maarufu Kivui, alikuta jamii iliyokuwa ikifanya biashara hadi pwani.

Mchanga huo unatoka wapi? Mawe ya Ukambani ni ya kale mno. Mvua na jua huyavunja kidogo kidogo, na ndani yake mna chembe za magnetaiti. Mto ukifurika hubeba kila kitu, kisha hupanga mizigo kwa uzito. Chembe nyeupe za kwatzi zina uzito wa mara 2.65 ya maji. Magnetaiti ni zaidi ya mara 5. Kwa hiyo maji yakipungua nguvu, nyeusi hutua kwanza, nyeupe husonga mbele. Ndiyo maana unaona mistari myeusi kwenye mikondo ya mto mkavu, kama mtu amemwaga baruti.

Upande wa Makueni kuna wa kuongezea. Milima ya Chyulu ni volkano changa, na mawe yake meusi yana magnetaiti ndani. Uwanda wa Yatta nao, ule ukuta mrefu unaofuata mto Athi, ni mkondo wa lava uliogandika kwa urefu wa karibu kilomita 300.

Tulishuka mtoni mimi na binamu. Nilitia sumaku ndani ya mfuko wa plastiki, huo ni ujanja wa kukusaidia. Ukiigusisha moja kwa moja, utakesha ukikwangua ndevu. Ukitumia mfuko, unakusanya, unaushika juu ya kikombe, unatoa sumaku, na mchanga mweusi unaanguka wenyewe.

Ndoo moja ya lita 20 tulipata mchanga mweusi usiofika nusu kikombe cha chai. Binamu alikitazama kikombe, akanitazama.

"Hii ndiyo koltani?"

"Hapana, bro. Na ngoja nikuambie kwa nini najua."

Mchezo wa kuvuta kamba

Hapa ndipo daftari lilipofunguliwa. Nitakueleza kama nilivyomweleza yeye, tukiwa tumekaa chini ya mgunga.

Kila atomi ya chuma ni kama mtu mwenye nguvu fulani ya kuvuta. Tuipime kwa namba: chuma cha aina inayopatikana kwenye kutu kina nguvu 5. Nikeli ina 2. Kromiamu ina 3.

Ndani ya feraiti atomi hizi hukaa kwenye viti. Kuna viti vya aina mbili. Kiti cha kwanza kimezungukwa na oksijeni nne, tukiite kiti A. Cha pili kimezungukwa na oksijeni sita, kiti B. Kwa kila kiti kimoja cha A kuna viti viwili vya B. Mpangilio huu unaitwa spineli.

Sasa utamu wake. Walioko A na walioko B hawavuti upande mmoja. Wanavutana, kama timu mbili kwenye mashindano ya kuvuta kamba siku ya michezo shuleni. Na kamba yenyewe ni oksijeni iliyo katikati yao. Oksijeni haina nguvu ya sumaku, lakini ndiyo inayopitisha mvuto kutoka timu moja hadi nyingine. Sumaku unayoihisi mkononi ni tofauti tu kati ya mshindi na mshindwa.

Aliyeligundua hili ni Mfaransa Louis Néel, mwaka 1948. Mwaka 1970 akapewa Tuzo ya Nobel ya fizikia.

Hesabu yenyewe ni ya darasa la nne. Chukua feraiti ya nikeli. Kiti cha A kina chuma kimoja: 5. Viti vya B vina chuma kimoja na nikeli moja: 5 na 2, jumla 7. Timu B inashinda kwa 2. Hiyo ndiyo nguvu yake.

Magnetaiti je? A ina chuma: 5. B ina chuma cha nguvu 5 na chuma cha aina ya pili chenye nguvu 4, jumla 9. Inashinda kwa 4. Mara mbili ya nikeli! Ndiyo maana mchanga mweusi unarukia sumaku ya spika kwa fujo hata kabla haujaguswa.

Sasa mwingize kromiamu uwanjani.

Kromiamu ina tabia moja ya kipekee: haipendi kiti cha A. Hukimbilia B kila mara. Ukiondoa chuma kimoja cha B chenye nguvu 5 na kuweka kromiamu yenye 3, umeidhoofisha timu iliyokuwa ikishinda. Ukibadilisha nusu, B inabaki na 6 dhidi ya 5, ushindi wa 1. Ukibadilisha chuma chote cha B, inakuwa nikeli 2 na kromiamu 3, jumla 5. Na A nayo ni 5.

Sare. Timu zote zinavuta hadi mishipa inatoka shingoni, lakini kamba haisogei. Kwa nje unaona kipande cheusi kisichojali sumaku yako hata kidogo, na ndani mna vita vikali.

Binamu alinyamaza muda. Kisha akauliza swali ambalo lingempa alama mbele ya mhadhiri wangu: "Kwa hivyo kitu kinaweza kuwa kimejaa chuma na sumaku isikishike?"

Ndiyo. Na kinyume chake pia: kitu kinaweza kushika sumaku kwa nguvu na kiwe cha bei ya chini kabisa.

Niongeze kwamba maabara hayatoi namba safi kama zangu. Baadhi ya atomi huhama viti, na chembe zikiwa ndogo mno zile za juu ya ngozi huvuta ovyo ovyo. Lakini mwelekeo ni huo: ukizidisha kromiamu kwenye feraiti ya nikeli, sumaku hufifia.

Kwa nini mtu aidhoofishe sumaku?

Nilipokuwa darasani hilo lilinisumbua. Nani anataka sumaku dhaifu? Jibu ni kwamba fundi hatafuti nguvu, anatafuta kipimo. Ni kama chumvi kwenye muthokoi, hakuna anayesema kadiri iwe nyingi ndivyo ilivyo tamu.

Tuanze na joto. Ukiipasha moto sumaku, atomi zinatetemeka hadi wavutaji wanaachia kamba. Kwa magnetaiti hilo hutokea kwenye nyuzi 580 hivi, na feraiti ya nikeli ni karibu hapo hapo, 585. Kromiamu ikiingia, kamba inalegea na joto hilo linashuka. Hiyo ni dhahabu kwa mtengenezaji. Kuna majiko ya umeme ya kupikia wali ambayo hujizima yenyewe. Mengi yanatumia kijipande cha feraiti kilichotengenezwa kipoteze sumaku kikivuka kidogo joto la maji yanayochemka. Maji yakiisha kwenye sufuria, joto linapanda, sumaku inaachia, swichi inaanguka, wali hauungui. Hakuna kompyuta humo. Ni atomi zimeachia kamba tu.

Watafiti wa tiba nao wanafuata wazo hilo hilo: chembe ndogo za feraiti zinazowekwa ndani ya uvimbe wa saratani, zinapashwa kwa sumaku ya nje, kisha zinajizima zikifika kwenye nyuzi arobaini na kitu ili zisichome nyama nzima. Kuipata namba hiyo ndiyo kazi ya kupimia nani akae kiti gani.

Halafu kuna umeme. Chuma cha kawaida kikiwekwa kwenye mawimbi ya kasi, umeme huzunguka ndani yake na kuliwa kama joto. Feraiti inauzuia umeme huo kupita, na kromiamu mara nyingi huongeza kizuizi hicho. Ndiyo maana familia hii hutumika kwenye vifaa vya rada na mawasiliano ya masafa ya juu.

Na hutaamini inavyopikwa. Mojawapo ya njia zinazopendwa maabarani ni kuyeyusha chumvi za nikeli, chuma na kromiamu kwenye maji, kisha kutia asidi ya sitriki, ile ile inayofanya limau liwe kali. Unapasha pole pole hadi inakuwa uji mzito kama gundi. Ukizidisha moto, uji unawaka wenyewe kwa sekunde chache na kukuachia unga mwepesi kama majivu. Unauchoma tena kwenye tanuri, na feraiti yako iko tayari kupimwa.

Nilipomwambia binamu kuhusu asidi ya limau, alitazama upande wa Makueni, kaunti ya michungwa na miembe. "Kwa hivyo wao wana nusu ya maabara tayari," akasema. Tulicheka, lakini baadaye sikuweza kuliacha wazo hilo.

Rudi kwa mtu wa Probox

Sasa unaweza kuona tatizo la yule jamaa. Koltani ina chuma ndani yake, lakini atomi zake hazijajipanga kuvuta pamoja kama za magnetaiti. Inavutwa kidogo tu, na viwandani hutenganishwa kwa mashine za sumaku zenye nguvu kubwa kuliko spika ya redio. Kitu kinachoota ndevu kwenye sumaku ya mfukoni, kwenye mchanga wa mto wa Kitui, kwanza kabisa ni magnetaiti. Jaribio alilotumia kuthibitisha koltani ndilo linaloonyesha kwamba alichokishika si koltani.

Je, chini ya mchanga huo hakuwezi kuwa na kitu kingine? Kunaweza. Wenyeji wa Kwale wanajua. Kampuni ya Base Titanium ilichimba mchanga huko, ikasafirisha shehena ya kwanza mwaka 2014 na kufunga uchimbaji mwishoni mwa 2024. Huko mchanga ulipitishwa kwenye mashine za sumaku na za umeme ili kutenganisha ilmenaiti, rutili na zikoni. Lakini kabla ya hapo palikuwa na miaka ya kuchimba mashimo, kupima sampuli na kuandika ripoti. Hakuna aliyeanza kwa sumaku ya uzi na kidole cha nyanya.

Na hata magnetaiti tuipigie hesabu. Bei ya chuma ghafi duniani miaka hii imekuwa ikicheza karibu dola 100 kwa tani. Hiyo ni kama Sh13 kwa kilo, tena ikiwa imefika bandarini ng'ambo, safi na kwa meli nzima. Kilo ya ndengu ambazo susu hupanda juu ya mto huo huo inaishinda mara kadhaa, na ndengu hazihitaji wakili.

Nilimwonyesha binamu jambo jingine, la kisheria. Chini ya Katiba, madini ni mali ya umma, na Sheria ya Madini ya 2016 inasema Serikali Kuu ndiyo inayoyashikilia kwa niaba ya wananchi. Susu hawezi kuuza madini ya chini ya shamba lake, na wala huyo jamaa hawezi kuyanunua kwake. Anayetaka kutafuta madini lazima awe na leseni, na akitaka kuingia shamba la mtu lazima apate ridhaa ya mwenye shamba. Madini yakichimbwa, mrabaha hugawanywa: asilimia 70 kwa Serikali Kuu, 20 kwa kaunti, na 10 kwa jamii ya pale. Leseni zote ziko kwenye mfumo wa mtandaoni wa wizara, unaweza kutazama ramani kwa simu yako.

Kwa hiyo mkataba ule ulikuwa wa nini? Soma mstari wa tatu: "pamoja na haki ya kuchota mchanga." Hapo ndipo binamu alipokaa kimya kabisa.

Mchanga wa kawaida, ule mweupe wa kujengea, ndio uliokuwa na soko. Malori yanautafuta usiku na mchana kwa ajili ya majumba ya mjini. Makueni waliteseka sana na jambo hili, hadi kaunti ikatunga sheria yake ya kuhifadhi mchanga mwaka 2015. Si kwa sababu ya urembo wa mito. Mchanga wa mto wetu ni tangi. Ujazwe maji ya mvua, robo hadi theluthi ya nafasi yake inaweza kuwa maji yaliyofichwa mbali na jua. Ndiyo maana vijiji vya Kitui, Makueni na Machakos vimejenga mabwawa ya mchanga kwa miaka mingi: unaweka ukuta mtoni, mchanga unajaa nyuma yake, na maji yanabaki humo kiangazi kizima. Ukiuchota wote hadi kwenye mwamba, umeuza tangi pamoja na maji.

Susu huchota maji pale. Ng'ombe wake wanakunywa pale. Kwa Sh15,000 ambazo tungelipa sisi wenyewe.

Njiani kurudi

Jumatano jamaa alirudi. Susu alimkaribisha vizuri, akampa chai, akamwambia wajukuu wake wanataka kuona leseni kwanza. Jamaa alisema leseni iko ofisini. Susu akasema basi na kidole chake kiko nyumbani, leseni ikija vitakutana. Probox iliondoka.

Nisikudanganye kwamba kila mtu alifurahi. Binamu yangu alininunia. Ana miaka 22, hana kazi, na kwa siku nne alikuwa tajiri. Mimi ndiye niliyemrudisha chini, na sikumletea kitu kingine cha kushika mkononi isipokuwa nusu kikombe cha mchanga. Nikiwa yeye ningeninunia pia. Watu wa Mui, huko huko Kitui, wamesikia habari za makaa ya mawe yao kwa miaka na miaka, na wengine wamesita hata kujenga nyumba ya kudumu. Ahadi ya madini ikiingia kijijini, watu wanaacha kupanda.

Nilirudi kwa njia ndefu, ya Mutomo na Ikutha, ambako habari za mawe ya chuma si ngeni, kisha tukavuka Athi hadi Kibwezi, na jioni nikawa Wote kwa rafiki yangu fundi wa redio na simu. Kibanda chake kimejaa maiti za chaja. Nilimwekea kikombe mezani. Akachukua kijiti cha feraiti kutoka redio moja ya zamani, akakilaza kando ya mchanga wa susu, akasema:

"Huu na huu ni ndugu. Tofauti ni kwamba huu uliosafiri ulirudi na bei."

Ndio maana nimeandika makala haya. Mchanga wa chuma unaanzia kwetu bila jina, na chaja inarudi kwetu kwa bei. Kati ya hizo mbili kuna maarifa ya nani akae kiti gani: nikeli kiasi gani, kromiamu kiasi gani, moto kiasi gani. Maarifa hayo hayako chini ya shamba la mtu. Yako darasani, na sehemu kubwa yake yanahitaji kalamu, tanuri na uvumilivu. Kuna chuo kikuu cha umma pale Kwa Vonza, Kitui, SEKU, na mto mkavu hauko mbali. Wewe uliye darasani sasa hivi ukiona spineli ni upuuzi wa mtihani, tafadhali, kaa hadi wiki ijayo. Mimi niliikosa.

Kabla hujaweka kidole

Kama mtu mwenye sumaku atafika kwenu, fanya haya:

Muulize leseni, kisha uitafute mwenyewe kwenye mfumo wa wizara. Usikubali picha ya WhatsApp.

Usilipe "ada ya usajili" kwa mtu binafsi. Mnunuzi wa kweli hakuombi wewe muuzaji pesa.

Soma mkataba hadi mwisho, hasa mistari inayotaja mchanga, maji na barabara. Kama ni Kiingereza, tafuta mtu wako akusomee, si wake.

Sampuli ipelekwe maabara na wewe upewe nakala ya majibu. Sumaku peke yake inakuambia kitu kimoja tu: kwamba timu moja imeshinda kuvuta kamba. Haikuambii bei.

Binamu alinipigia tena wiki iliyopita. Ameanza kuongea na mimi. Alitaka kujua kama sumaku ya spika kubwa ya kanisani inashika zaidi kuliko zile nilizomwachia, kwa sababu amekuwa akishuka mtoni na watoto wa jirani kuwaonyesha ndevu nyeusi na kuwaeleza kiti A na kiti B.

"Mmoja ameniuliza," akasema, "kama timu zote zikitoka sare, ile nguvu huenda wapi?"

"Ukamwambia nini?"

"Nikamwambia haiendi popote. Iko pale pale inavuta."